Swali la Tisa

Nikiri kwanza.
Tangu karatasi zilipoletwa na bodaboda kutoka wilayani,
rimu mbili na barua yenye muhuri,
swali la tisa nilikuwa silisomi.
Nauliza la kwanza, la pili, nafika la nane,
halafu kalamu inajiendea yenyewe,
inatia vema kwenye *Hapana kabisa*.
Foleni imefika hadi kwenye tangi la maji.
Mtoto wa Dorika anatapika.
Na mama alinifunza: nyoka hatajwi usiku.

Elieza Ndahani alikuja Machi, mgongo.
Aprili, mgongo tena. Mei, tumbo linawaka.
Nikampima presha: mia na ishirini kwa themanini,
presha ya kuruti wa jeshi.
Nikampa panado. Akaipokea kama mtu anayepewa risiti.

Julai, upepo wa Hombolo unapekua mabati,
akaja bila koti.
Mizabibu yake ekari moja na nusu;
mnunuzi alisema anakuja Jumanne,
hakusema Jumanne ipi.
Nyuki wakanywa zabibu hadi wakalewa.
Kikoba kikapiga simu,
kisha kikaja chenyewe, na viti vyake, kikakaa uani.

"Elieza, karatasi hii inapima sonona."
"Kusonya?"
Tukacheka. Cha kwake kikakatika kwanza.

Wiki mbili zilizopita, usingizi?
"Kitanda ninacho."
Kula?
"Mlenda unapita. Ugali unabaki."
Kujiona umeiangusha familia yako?
Akatazama viatu vyangu, muda mrefu.
"Hapo andika tatu."

La nane.
Kisha pale kalamu ilipozoea kuruka
nikaishika kwa mikono miwili.
Nikamwuliza kama lilivyoandikwa, sikulizungusha,
sikusema "mambo mabaya", sikusema "lile wazo":
Umewaza kwamba ni heri ufe,
au ujidhuru?

Nikangoja nyoka aingie.
Hakuna kilichoingia.
Alikuwemo.
Amekaa kati yetu kwenye benchi tangu Machi
akisubiri kuamkiwa.

"Sista, hilo unamwandikia polisi?"
Hapana.
"Utanipeleka Mirembe, wanangu waimbiwe shuleni?"
Nikasema sijui bado tutakwenda wapi,
ila hapa huondoki peke yako.

Ndipo akasema.
Sitaandika alichosema. Ni chake.
Nitaandika kwamba alitoa ufunguo wa stoo mfukoni
akauweka juu ya daftari la chanjo,
na shemeji yake Nyendo, niliyempigia kwa vocha yangu,
akafika na unga wa uwele hadi viwikoni,
akauchukua, akaufunga kwenye pindo la kanga,
bila kuuliza ni wa nini.
Usiku ule alilala kwao, mlango wazi.
Asubuhi nikapanda naye gari hadi mjini kwa daktari.
Njiani hatukuongea. Alinishikia mkoba.

Alhamisi ya tatu, kumi na tisa imekuwa kumi na nne.
Kumi na nne si uzima.
Kumi na nne ni mtu aliyekuja kwa miguu yake
kulalamika kwamba vidonge vinamkausha mdomo,
na kwamba Nyendo anavitunza
kama fedha za harusi.

Jioni, kabla ya kufunga,
nimefungua boksi la karatasi za zamani.
Hapana. Hapana. Hapana.
Mwandiko wangu, alama safi,
zimelalia upande mmoja kama mtama baada ya mvua.
Nimehesabu arobaini na moja,
kisha nikafika kwa Mbeleje Chisomi, wa Februari,
kichwa kinauma, hakurudi kliniki.
Wino haufutiki.

Nimeulizia kwake. Wanasema ukilipita bwawa,
tembe yenye mlango wa bluu,
mbwa wanabweka ila hawang'ati.
Kesho Jumamosi tunafunga saa sita.
Nimeijaza baiskeli upepo.